Sheria ya uavyaji mimba na athari zake Lambwe na kaunti jirani

BONDE la Lambwe, lililo kati ya mteremko wa Kanyamwa na milima ya Gwassi katika Kaunti ya Homa Bay, ni miongoni mwa maeneo ambako mimba za mapema si jambo geni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kaunti hiyo na ile ya Migori walikuwa wamewahi kushika mimba. Kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 15.

Msichana anayetaka kuavya mimba hukabiliana na sheria zisizosema kwa sauti moja. Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, inaruhusu anayemwavya mwanamke mimba kinyume cha sheria afungwe hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayetoa dawa au vifaa miaka 3.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 26(4), nayo inakataza uavyaji, isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaporuhusu.

Ili kuwaongoza wahudumu, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mwaka wa 2012, kisha ikauondoa Desemba 2013. Wahudumu wakabaki na hofu ya kushtakiwa.

Mwaka uliofuata, msichana wa miaka 14 kutoka kaunti jirani ya Kisii alinajisiwa, akapata mimba na kuiavya kwa njia hatari. Figo zake ziliharibika, akafariki Juni 2018. Juni 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kuwa kuondolewa kwa mwongozo huo kulikiuka sheria, na kuwa aliyenajisiwa anaweza kuavya iwapo mtaalamu ataona afya yake ya mwili au akili imo hatarini. Mamake alitunukiwa fidia ya Sh3 milioni.

Marufuku haijakomesha uavyaji. Mwaka wa 2012 pekee, inakadiriwa mimba 464,000 ziliavywa nchini, na wanawake wapatao 120,000 wakatibiwa madhara yake.

Hata hivyo, Kifungu cha 43(2) cha Katiba hakina utata: hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Anayefika zahanati akivuja damu ana haki ya kutibiwa, vyovyote ilivyotoka mimba hiyo.