Chuma cha Samia, Ukanda wa Kadi

Kadi ya kwanza niliyopitisha kwenye ile mashine ilileta haya kwenye skrini: mà'&è§. Nikapitisha tena. Yale yale. Mzee mwenye duka alikuwa nyuma yangu, kikombe cha chai mkononi. "Kijana, hiyo nayo ni lugha gani?"

Kilikuwa Kifaransa, kwa namna yake. Kompyuta ilikuwa mtumba, imevuka mpaka kutoka Kampala, na aliyekuwa nayo zamani aliiacha na mpangilio wa kibodi wa Kifaransa. Na hizi mashine ndogo za kusoma kadi, zile za kuchomeka USB, ni waongo. Ukizichomeka zinaiambia kompyuta, "Mimi ni kibodi." Kadi ikipita, mashine haitumi namba. Inatuma habari kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, kisha kingine. Kwenye kibodi ya Kifaransa safu ya juu haitoi namba mpaka ushikilie shifti. Kwa hiyo 0417, pamoja na alama yake ya kuanzia na ya kumalizia, ikawa ule upuuzi. Nilibadilisha mpangilio, nikapitisha kadi, namba ikaja. Mzee akaniongezea mia mbili juu ya tuliyokubaliana. Nilijiona injinia.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imegoma, niko nyumbani Namboboto, kila asubuhi natafuta matatu ya kunifikisha Busia. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: duka la jumla, karibu na mpaka, lilikuwa na wateja wa mkopo. Wengi ni akina mama wa kutoka Funyula, Sio Port na huko kwetu, wanaochukua sukari, sabuni na unga leo, wanalipa siku ya soko. Hesabu zao zilikaa kwenye daftari moja nene. Mzee alitaka kila mteja awe na kadi yenye ukanda mweusi nyuma. Unapitisha kadi, jina linatokea, deni linaongezwa. Kama Nairobi.

Sasa, huo ukanda mweusi una historia, na ni fupi kuliko unavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, injinia wa IBM aitwaye Forrest Parry alikuwa anatafuta namna ya kubandika kipande cha utepe wa sumaku, jamii ya ule wa kaseti, juu ya kadi ya plastiki. Vitambulisho vyenyewe vilikuwa vya shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kila gundi aliyojaribu iliharibu utepe. Inasimuliwa kwamba alirudi nyumbani akamkuta mkewe, Dorothea, anapiga pasi, akamweleza shida yake, na mama akamwambia basi tubandike kwa pasi. Ikashika. Kufikia 1970 American Express na American Airlines walikuwa wanaijaribu kwa wasafiri wa uwanja wa O'Hare, Chicago.

Ndani ya ukanda kuna njia tatu zilizolala sambamba. Ya kwanza ilipangwa na watu wa mashirika ya ndege, inabeba herufi na namba, hadi 79. Ya pili ni ya mabenki: namba tupu, 40 tu, na ndiyo mashine nyingi za malipo husoma. Ya tatu, kwa kweli, karibu hakuna anayeishughulikia. Ukiweka mashine ya kusoma kadi, kazi yako kubwa ni kuiambia isome njia ipi, itupe alama zipi za mwanzo na mwisho, na ikimaliza ibonyeze Enter yenyewe. Halafu unamfundisha keshia kwamba kishale lazima kiwe kwenye kisanduku sahihi kabla ya kupitisha kadi, la sivyo namba ya mteja itaandikwa kwenye bei ya unga. Nimeona kilo mbili za unga zikiuzwa kwa laki na kitu.

Lakini kilichonishika mimi ni rangi ya ukanda wenyewe. Kwenye kadi za bei rahisi kama zile zetu, ule weusi au ukahawia ni unga wa oksidi ya chuma. Ndugu wa kutu. Chembe ndogo ndogo za chuma zilizopangwa kuelekea huku au kule, na mpangilio huo ndio namba yako.

Na mimi nimekulia chini ya vilima vya Samia, ambako udongo ni mwekundu kwa sababu hiyo hiyo. Mawe ya vilima hivyo ni oksidi ya chuma. Mababu waliyachimba, wakayayeyusha kwa makaa kwenye tanuri la udongo huku mivukuto ikipuliza, wahunzi wakafua majembe. Jembe la Samia lilikuwa pesa. Lilitolewa mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, lilienda kwa Wajaluo wa Ugenya na Alego, na likavuka upande wa Busoga. Wakati huo hapakuwa na mpaka wa kuvuka. Hata baada ya Wazungu kuja, upande wetu huu ulihesabiwa Uganda mpaka 1902, mstari ulipohamishwa tukajikuta Kenya. Baadaye kidogo majembe ya kiwandani yakaja kwa bei ambayo mhunzi hangeweza kushindana nayo, tanuri zikapoa. Pesa nazo zikageuka: rupia ya Kihindi, florini iliyodumu kidogo tu, kisha shilingi mwaka 1921.

Jembe lina sifa moja ambayo kadi haina. Anayelipokea halazimiki kumuuliza mtu. Analishika, analigonga, anasikia mlio wake. Likiisha makali bado ni chuma, linarudi kwa mhunzi. Ukanda wa kadi haujui lolote. Hauna deni wala akiba. Una namba ya kwenda kuulizia mahali pengine. Na ukimpa mtu mwingine kadi hiyo, au akainakili namba yake kwenye plastiki nyingine, mashine itasoma kwa furaha ile ile. Ndiyo maana wezi waliupenda, na ndiyo maana mabenki ya Kenya yalijiwekea lengo la kuhamia chipu kufikia Machi 2014. Ukipitisha kadi ya chipu upande wa ukanda, mara nyingi mashine inakukatalia na kukwambia uichomeke. Kuna tarakimu kwenye njia ya pili inayomwambia: huyu ana chipu, usikubali njia ya mkato.

Huko "mahali pengine" pa kuulizia ndiko kulikoizuia kadi kufika Namboboto. Ilihitaji stima, laini ya simu na mfanyabiashara mwenye akaunti benki. M-Pesa ilianza Machi 2007 ikihitaji simu ya kawaida na kijana kwenye kibanda. Lipa na M-Pesa ilipokuja 2013, mama wa omena alikuwa ameshazoea. Karibu na mpaka wenyewe, wabadilishaji pesa wanatembea na mafungu ya shilingi za Kenya na Uganda mkononi, wanakupigia hesabu kichwani kabla hujamaliza kuuliza. Mashine gani itashindana na hao?

Mzee wangu alitaka kadi hata hivyo, na kwa miezi miwili ikafanya kazi. Shida ilikuwa kwenye namba. Kadi za kwanza alizoagiza zilikuwa na tarakimu nne. Za pili zikaja na tano. Kulikuwa na 0417 na kulikuwa na 00417, watu wawili tofauti. Mimi, kwa kutaka kazi iende haraka, niliweka orodha ya wateja kwenye jedwali la kompyuta, na jedwali likiona namba linadhani ni hesabu, linafuta sifuri za mbele. Programu ikakataa kadi kwa sababu hazikufanana na orodha. Badala ya kurekebisha orodha, niliiambia programu ifute sifuri za kadi pia. Zikafanana. Nikaenda kunywa chai.

Kuanzia siku hiyo wote wawili walikuwa 417.

Mmoja alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, muuza samaki. Siku ya soko alifika na pesa zake kamili, zimefungwa kwenye kona ya leso, akaambiwa deni ni karibu mara tatu. Akasema hapana. Keshia akageuza skrini amwonyeshe. Watu wakiwa kwenye foleni, Mzee akamwambia, "Mama, mashine haidanganyi." Mimi nilikuwa pale pale, na sikusema neno, kwa sababu nilikuwa sijajua. Nusu saa baadaye nilijua. Bado nilichukua muda kufungua mdomo.

Tulilitoa daftari nene chini ya kaunta. Mkono wa Mzee mwenyewe, jina la shangazi, jina la yule mwingine, kila kitu mahali pake mpaka siku tulipoliacha. Mzee aliomba msamaha na shangazi aliupokea, akalipa deni lake, akahesabu chenji. Hajarudi kununua pale. Mimi nililipwa siku zilizobaki nikaambiwa nitaitwa kukiwa na kazi. Daftari likarudi juu ya kaunta.

Mwaka 2021 Mastercard walitangaza kuuondoa ukanda pole pole: kuanzia 2024 hautakuwa lazima kwenye kadi katika nchi nyingi, na kufikia 2033 kadi zao hazitakuwa nao kabisa.

Ile mashine ninayo. Mzee alinipa, alisema haina faida kwake. Desemba shangazi alikuja Namboboto kusalimia, nikamwona anatumia ile kadi ya duka kukwangua magamba yaliyoganda kwenye karai. Nikamwomba. Nikaifuta kwa shati, nikawasha laptopu, nikafungua ukurasa mtupu na kuipitisha mara moja.

00417. Shangazi akaniuliza kama bado anadaiwa.