Jina Chini ya Bakuli

Kiswahili kina kitenzi ambacho wengi wetu hapa Nairobi hatukitumii kabisa: kukereza. Kukereza ni kuizungusha mbao huku patasi imeegemezwa juu yake, mpaka kipande chenye pembe nne kigeuke duara. Mashine yenyewe ni kerezo, na fundi wake ni mkereza. Kuchonga ni kazi nyingine. Mchongaji hulishika gogo likiwa limetulia, mkono na chombo vikitembea juu yake. Kwa mkereza mti ndio unaokimbia, naye anatulia.

Ukipita Ngong Road utaiona kazi hii bila kuijua jina. Miguu ya meza, nguzo za kitanda, vishikio vya ngazi, bakuli za matunda: vyote vimetoka kwenye kerezo. Swali langu ni la kihistoria. Kinyago cha mbao kinaweza kuwekwa kwenye jumba la sanaa kikiwa na jina la aliyekichonga. Mguu wa meza uliokerezwa na mikono yenye akili zilezile hauna mwenyewe. Hiyo tofauti ilianza wapi?

Tuanzie Pwani, maana neno lenyewe ni la huko. Katika nyumba za zamani za Lamu kulikuwa na vitanda na viti vyenye miguu iliyokerezwa kwa mapindi, mingine ikitiwa rangi nyekundu, nyeusi na njano. Siyu, kwenye kisiwa cha Pate, ilisifika kwa mafundi wa mbao, ngozi na chuma. Kerezo la zamani halikuwa na mota. Kamba ya upinde ilizungushwa kwenye mbao, fundi akavuta upinde mbele na nyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili na mguu vikiongoza patasi. Kwa hivyo mbao ilizunguka upande huu, kisha ikarudi upande ule, na patasi ilikata ikienda tu. Ikirudi, fundi anailegeza. Jaribu kupata duara safi namna hiyo. Bila shaka aliyeweza aliheshimiwa mtaani kwake, na waliomjua walijua mkono wake hata kama hakuandika jina.

Nairobi ilizaliwa kwa reli, iliyofika hapa mwaka 1899. Pamoja na reli walikuja maseremala kutoka Bara Hindi, wengi wao Masingasinga, na ujuzi wao ukabaki kwenye karakana za jiji. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi cha Waafrika huko Kabete, magharibi mwa jiji; leo ndicho Kabete National Polytechnic. Vijana walifundishwa useremala na uashi. Utawala ulitaka mafundi wa kujenga na kutengeneza samani. Hakuna aliyewapeleka kule ili watoke wasanii.

Uchongaji ulipitia njia nyingine kabisa. Inasimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, Mkamba wa Wamunyu, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko na kurudi na ujuzi mpya. Vita hivyo vimeacha alama mbili Nairobi ambazo tunazipita kila siku: mtaa wa Kariokor, uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na zile sanamu za shaba za Kenyatta Avenue zilizowekwa mwaka 1928. Kutoka Wamunyu kazi ilisambaa kwa majirani na watoto, ikafika Nairobi na Mombasa, ikawa biashara ya watalii: twiga, Wamaasai wenye mikuki, vijiko vya saladi.

Nenda City Market uone. Barabara inayopita mbele yake inaitwa Muindi Mbingu. Samuel Muindi Mbingu ndiye aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 walipotembea hadi Nairobi kupinga serikali kuwanyang'anya ng'ombe wao. Walipiga kambi kwa wiki kadhaa. Naye akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, kisiwa cha wakereza. Leo vinyago vya Wakamba vinauzwa kwenye barabara yenye jina lake. Jina la Muindi liko kwenye kibao cha barabara. Vinyago vyenyewe, karibu vyote, havina jina la mtu.

Halafu ukaja mwaka 1972, na kwangu huo ndio mwaka wa kuutazama.

Mwaka huo Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alianzisha African Heritage katikati ya jiji pamoja na Alan Donovan. Miaka michache kabla, mwaka 1965, Paa ya Paa ilikuwa imefunguliwa na wasanii wa Afrika Mashariki, Elimo Njau akiwa mmoja wao. Nyumba hizi zilifanya jambo ambalo duka la vinyago halikulifanya: zilimwuliza fundi jina. Samwel Wanjau ni mfano mzuri. Akiwa kijana aliwatengenezea wapiganaji wa Mau Mau bunduki. Baadaye akachonga vinyago vya kuuzia watalii. Kisha akapata nafasi Paa ya Paa, akaanza kuchonga alichokitaka yeye. Alipofariki mwaka 2013 aliombolezwa kama mmoja wa wachongaji wakubwa wa Kenya. Patasi ni ileile. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba watu walianza kusema, "Hii ni ya Wanjau."

Mwaka huohuo wa 1972, Shirika la Kimataifa la Kazi lilitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya. Ndiyo iliyoueneza duniani msemo "sekta isiyo rasmi". Ripoti haikuwadharau mafundi wa vibandani. Iliwasifu kwamba wanafanya kazi nyingi kwa mtaji mdogo. Lakini iliwapa jina la pamoja. Baadaye sisi wenyewe tukawaita jua kali, na mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, jina hilo likawa la kitaifa. Basi mchongaji akapata jina lake, mkereza akapewa jina la sekta. Tangu hapo twamjua kama takwimu ya ajira.

Mtu anaweza kuniambia: tulia, mguu wa meza ni mguu wa meza. Sawa. Lakini hata kwingineko duniani kerezo lilikuwa mashine ya kiwandani mpaka watu fulani walipoamua kulitazama upya. Marekani, James Prestini alikereza bakuli nyembamba sana akiwa Chicago, na kazi zake zikaingia Museum of Modern Art, New York. Bob Stocksdale alijifunza kukereza akiwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa alikataa kwenda vitani. Kufikia 1986 wakereza wa huko walikuwa na chama chao. Bakuli lilikuwa bakuli tu, mpaka likageuzwa juu chini, na pale kitakoni likasomwa jina.

Niliwahi kulisema hili kwa mzee mmoja mwenye kerezo kando ya Ngong Road. Mashine yake ameiunda mwenyewe: mota kuukuu, mshipi wa mpira, fremu ya vyuma vya kuchomelea. Alikuwa akikereza nguzo nne za kitanda, na nguzo ya nne ilifanana na ya kwanza bila yeye kupima kitu, kwa jicho tu. Maranda yalikuwa yakimrukia kifuani kama mvua.

"Mzee wangu," nikamwuliza, "mbona huandiki jina lako chini?"

Akazima mota. "Kijana, mimi niko kando ya barabara. Jina ni la mtu mwenye plot. Barabara ikipanuliwa, mimi nahama. Ukitaka kuandika habari zangu, andika, lakini jina liache."

Nimeliacha. Lakini jibu lake lilinionyesha kitu. Nilikuwa nikidhani kukosa jina ni dharau tu. Kwake ni namna ya kujificha pia. Murumbi na wenzake walipowauliza wachongaji majina, waliwapa na ukuta wa kutundikia kazi, na paa juu ya ukuta. Jina lisilo na paa humfanya mtu aonekane kirahisi na kufukuzwa kirahisi.

Kuna na suala la mti wenyewe. Muhugu, mbao ngumu nzito waliyoipenda sana wachongaji, ni mti wa asili wa misitu yetu hii: Karura, Ngong Road Forest. Hukua polepole mno, nao umevunwa kwa vinyago na kwa sakafu kuliko unavyoweza kujirudisha. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ilidumu hadi 2023 Rais Ruto alipotangaza kuiondoa. Wachongaji wengi walishahamia kwenye jakaranda, mwembe na mwarobaini, miti inayokua haraka.

Jakaranda ipo tele Nairobi. Kila Oktoba barabara zinageuka zambarau. Barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilipojengwa, miti mingi ya kando iliondoka. Mugumo mmoja wa Westlands ulinusurika Novemba 2020, baada ya watu kupiga kelele na Rais Uhuru Kenyatta kuamuru uachwe. Watu waliujua mti ule. Ulikuwa na umri, na sifa, na hadithi. Ile mingine haikuwa na mtetezi, kwa sababu hakuna aliyeijua mmoja mmoja.

Naona mkereza na ile miti mingine wako katika hali moja. Kinachojulikana kwa wingi wake tu huondolewa bila kelele. Kwa hivyo ukinunua bakuli au meza Ngong Road, Dagoretti Corner, Kangemi, usiishie kwenye bei. Uliza imekerezwa na nani, ni mti gani, ulitoka wapi. Akitaka jina libaki baina yenu wawili, libaki. Wewe ulijue, umwambie mtoto wako, na siku mtu akiisifu ile meza pale kwako, uwe na mtu wa kumtaja.