Volteji, mkondo, ukinzani na nguvu ya umeme: maana, matumizi na ukokotoaji

Katika mazungumzo ya kila siku neno umeme hubeba mengi. Husemwa kwamba umeme ni mdogo, umeme umezidi, au pasi inakula umeme. Kauli hizo zinaeleweka, lakini kila moja inahusu kitu tofauti. Mwalimu anayeandaa somo, au mfasiri wa mwongozo wa kifaa, hana budi kuvitenganisha vitu hivyo, kwa kuwa kila kimoja kina kipimo chake, na anayekosea neno hukosea pia hesabu.

Maana

Volteji (alama V, kipimo: volti) ni tofauti ya msukumo wa umeme kati ya nukta mbili.

Mkondo (alama I, kipimo: ampea) ni kiasi cha chaji ya umeme kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja. Neno hili limetokana na mkondo wa maji, na mfano huo unafaa: kinachopita ni mkondo.

Ukinzani (alama R, kipimo: omu, Ω) ni hali ya kitu kuzuia mkondo usipite kwa urahisi. Neno linatokana na kitenzi kinza, yaani pinga.

Nguvu (alama P, kipimo: wati) ni kiasi cha nishati kinachobadilishwa kwa sekunde moja, kwa mfano kutoka umeme kuwa joto. Baadhi ya waandishi hutumia pawa. Nguvu kwa maana hii isichanganywe na kani, ambayo ni msukumo au mvuto unaopimwa kwa niutoni, wala na nishati yenyewe.

Matumizi katika sentensi

Maneno yanayoandamana na istilahi hizi hufuata maana zake. Volteji huwa kati ya nukta mbili, mkondo hupita katika kitu, na ukinzani ni wa kitu.

Si sahihi: Volti 230 zinapita katika waya.
Sahihi: Kuna volti 230 kati ya nyaya mbili, na mkondo wa ampea 5 unapita katika pasi.

Tofauti hii huonekana hata katika upimaji. Voltimita huunganishwa sambamba na kifaa, ncha moja kila upande, kwa sababu hulinganisha nukta mbili. Amita huunganishwa mfululizo, ili mkondo wote upite ndani yake.

Kanuni

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha uhusiano unaobeba jina lake hadi leo:

R = V ÷ I (ukinzani ni volteji kugawanya kwa mkondo)

Nguvu hupatikana kwa kuzidisha:

P = V × I

Kanuni hizo mbili zikiunganishwa, hupatikana nyingine mbili: P = I² × R na P = V² ÷ R.

Mfano wa kwanza: pasi

Pasi imeunganishwa kwenye volti 230, na mkondo unaopita ni ampea 5.

Ukinzani: 230 ÷ 5 = omu 46.
Nguvu: 230 × 5 = wati 1,150.

Sasa umeme umekuwa "mdogo", yaani volteji imeshuka hadi volti 184. Tukichukulia kwamba ukinzani haukubadilika, mkondo ni 184 ÷ 46 = ampea 4, na nguvu ni 184 × 4 = wati 736. Volteji imepungua kwa asilimia 20, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 36, kwa sababu mkondo nao umepungua. Ndiyo maana pasi huchelewa sana kupata moto.

Mfano wa pili: birika kutoka Marekani

Birika la umeme lililotengenezwa kwa volti 120 lina ukinzani wa omu 12. Nyumbani kwake hupitisha ampea 10 na kutoa wati 1,200. Likichomekwa kwenye volti 240, mkondo utakuwa ampea 20 na nguvu wati 4,800. Volteji imezidishwa mara mbili, nguvu mara nne. Birika litaungua, na waya usiostahimili mkondo huo unaweza kuwasha moto. Mfasiri aliyeandika "nguvu ya volti 120" mahali pa "volteji ya 120" amemnyima msomaji onyo alilolihitaji.

Makosa ya kuepuka

1. Kusahau kubadili vipimo. Chaja ya simu yenye volti 5 na miliampea 2,000 hutoa wati 10, si 10,000. Miliampea 2,000 ni ampea 2; badili kwanza, kisha zidisha.

2. Kuchanganya nguvu na nishati. Uniti inayonunuliwa kwa LUKU ni kilowati-saa 1, nayo ni nishati: nguvu mara muda. Pasi ya wati 1,150 ikitumika nusu saa mfululizo hutumia kilowati-saa 0.575. "Wati kwa saa" si tafsiri ya kilowati-saa, kwani wati huzidishwa kwa saa, hazigawanywi.

3. Kutumia kanuni kila mahali. Ukinzani wa balbu ya waya huongezeka sana waya unapopata joto, hivyo kipimo kilichochukuliwa balbu ikiwa baridi hakitoi nguvu yake halisi inapowaka. Katika feni na friji, ambazo zina mota, volteji na mkondo havipandi na kushuka kwa wakati mmoja. V × I huzidi nguvu halisi. Kwa vifaa hivyo, soma wati zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Ngeli

Mkondo/mikondo ni U-I. Ukinzani hauna wingi: ukinzani huu ni mkubwa. Volteji, nguvu na nishati ni I-ZI.