Sanga: Makaburi ya Wazee wa Waluba

Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mashariki ya Kamina katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliishi wavuvi, wakulima na wafua chuma zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Uchimbaji wa kiakiolojia ulianza mwaka 1957. Makaburini vilikutwa vyungu, mapambo ya shaba na mashoka ya heshima. Baadaye, kuanzia karne ya 14, wafu walizikwa na misalaba midogo ya shaba, ambayo hatimaye ilitumika kama fedha.

Katika ufalme wa Waluba, wazao wa watu hao, chama cha Mbudye kilitunza historia. Kwenye sherehe, wajuzi wake waliimba na kucheza, wakigusa shanga za lukasa, ubao wa kumbukumbu, huku wakitaja wafalme na safari zao.

Tafadhali usiokote wala kuchimba chochote Sanga.