Kuzima inveta za viwandani wakati wa dharura na kuziwasha tena kwa usalama

INVETA ni mtambo unaogeuza umeme wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri au paneli za jua, kuwa umeme wa mkondo geu. Viwandani hutumika kuendesha mota kwa kasi inayotakiwa, kushika kazi gridi inapokatika na kuingiza nguvu za jua katika nyaya za kiwanda.

Hatari ya mtambo huu haiishi unaponyamaza. Katika inveta ya mota, umeme wa fezi tatu wa volti 400 hubadilishwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu wa takriban volti 560, unaohifadhiwa katika kapasita. Umeme huo hubaki humo kwa muda hata swichi kuu ikishazimwa. Fundi anayeharakisha kufungua kifuniko anaweza kuuawa na mtambo ambao taa zake zote zimezimika.

Kuzima

Unapoonekana moshi au cheche, au mtu anaponaswa na mashine, kitufe cha dharura hubonyezwa mara moja. Ni kile chekundu chenye umbo la uyoga, juu ya usuli wa njano. Hata hivyo, mara nyingi kitufe hicho husimamisha kazi tu bila kukata umeme unaoingia. Ndiyo maana swichi za umeme nazo lazima zizimwe.

Kwa inveta ya jua, kwa kawaida huanza swichi ya mkondo geu, kisha ile ya mkondo mnyoofu. Plagi za paneli hazichomolewi wakati umeme unapita, kwa kuwa mkondo mnyoofu haushuki hadi sifuri kama mkondo geu, na cheche yake huzimika kwa shida. Aidha, paneli huendelea kuzalisha umeme maadamu jua linawaka, na betri nazo hazizimiki.

Swichi zikishazimwa hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa fundi anayefanya kazi. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko, ambao kwa mitambo mingi ni dakika 5 au zaidi, huheshimiwa. Kisha volti hupimwa kwa mita iliyohakikiwa kuwa nzima.

Kuwasha tena

Mtambo hauwashwi kabla chanzo cha hitilafu hakijajulikana. Nyaya, fyuzi, feni, vumbi na unyevu hukaguliwa. Kinga ya kebo ya mota hupimwa ikiwa imetenganishwa na inveta, kwani volti ya kipimo hicho huweza kuharibu vifaa vya ndani.

Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 13850, kukirejesha kitufe cha dharura hakupaswi kuwasha mashine kwenyewe. Lazima itolewe amri nyingine. Kabla ya hapo, kila mwenye kufuli huondoa lake, na watu husogea mbali.

Umeme hurudishwa kwa mpangilio wa mtengenezaji, na mzigo huongezwa kidogo kidogo. Kuwasha na kuzima mfululizo huchosha sehemu zinazojaza kapasita. Inveta iliyounganishwa na gridi huweza kukaa dakika kadhaa ikihakiki utulivu wa umeme kabla ya kujiunga. Kimya hicho si hitilafu. Ikizimika tena, isilazimishwe: hitilafu ingalipo, na uchunguzi uanze upya.