DARAJA LA RUSUMO, LA KALE NA JIPYA

Katika kitabu cha jubilei hupendeza kusoma nani alichoma matofali ya kanisa la kwanza, na nani aliifungua shule. Habari hizo wengine wataziandika. Mimi naleta habari za jengo ambalo si la kanisa wala si la shule, lakini watu wetu wote wamelipita: daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, kati ya Ngara na nchi ya Rwanda.

Mahali pale mito miwili, Ruvubu na Nyabarongo, hukutana na kuwa Kagera, kisha maji huporomoka kati ya mawe. Tangu kale watu walivuka kwa mitumbwi. Wahangaza na watu wa Gisaka, ng'ambo ya pili, husemezana bila mkalimani, kwa maana lugha zao ni ndugu. Mwaka wa 1894 alivuka hapo Mdachi mmoja, Gustav Adolf von Götzen, akaingia Rwanda na kuonana na Mwami Kigeri Rwabugiri. Baadaye akawa Gavana wa Wadachi katika nchi yetu.

Wengi hudhani mto huo ulikuwa mpaka tangu kuumbwa kwake. Sivyo. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Wabelgiji walipewa Rwanda, lakini Waingereza walitaka kipande cha Gisaka kwa ajili ya kupitisha reli. Wakakitwaa mwaka wa 1922. Mwami Yuhi Musinga alilalamika, na Askofu Léon Classe naye akaandika barua nyingi kumtetea; basi mwisho wa mwaka 1923 kipande kile kikarudishwa, na Kagera ikawa mpaka. Reli yenyewe haikujengwa kamwe. Naona ni vema walimu wawasomee watoto jambo hili, wapate kujua kwamba mpaka wetu uliandikwa kwa kalamu, ukafutwa, ukaandikwa tena.

Mnamo 1972 lilijengwa daraja la njia moja tu. Kwa magari machache ya siku zile lilitosha. Lakini Rwanda haina bahari, na mizigo yake mingi hutoka bandari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja na mia mbili. Magari yakazidi, yakawa marefu na mazito. Gari moja likipita polepole, mengine hungoja zamu yake. Na kila msafiri alikaguliwa mara mbili, kwanza huku, kisha huko.

Walakini siku daraja lile lilipopimwa kweli halikupimwa kwa magari. Mwezi wa Aprili 1994 watu wa Rwanda, hasa Watutsi, waliuawa kwa maelfu, na maiti zao zilitupwa mtoni. Maji yakazichukua hata Ziwa Victoria, na watu wa Uganda wakazizika pwani kwao. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 wakavuka daraja hilo kwa muda wa usiku na mchana mmoja, wamebeba mikeka, masufuria na watoto. Wengi hawakuwa na hatia. Wengine mikono yao ilikuwa na damu. Nani angeweza kuwatenga pale darajani? Wakapiga kambi Benaco, na baada ya muda wakimbizi wakawa wengi kupita wenyeji wa Ngara. Kuni zikaisha, visima vikakauka, lakini wenyeji wakagawana nao walichokuwa nacho.

Desemba 1996 njia ikageuka. Serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Baadhi yao walikimbilia mashariki, ndani zaidi ya nchi, askari wakawarudisha. Watu karibu nusu milioni wakapita tena juu ya daraja lile lile. Kurudi kwao kulikuwa jambo la kutamaniwa, lakini kurudi kwa kusukumwa si sawa na kurudi kwa hiari.

Basi serikali mbili zilipokaa kushauriana juu ya daraja jipya, zilisaidiwa na serikali ya Japani kwa fedha na wahandisi. Shauri halikuwa jepesi. La kale halingeweza kuvunjwa kwanza, kwani Rwanda ingekosa njia yake kubwa ya mizigo. Kwa hiyo jipya lilijengwa huku magari yakiendelea kupita juu ya la zamani. Likakusudiwa kuwa la njia mbili, urefu wa meta 80 hivi, pamoja na ofisi mpya za mpaka kila upande. Kazi ilianza mwaka wa 2012, ikaisha 2014. Na hapa pana jambo la kustaajabisha: katikati ya kazi hiyo, mwaka wa 2013, watu maelfu walioitwa wahamiaji haramu waliamriwa kutoka mkoani Kagera, na wengi wakapita Rusumo na mizigo yao vichwani. Wengine walikuwa wamekaa huku miaka mingi, wameoa na kuzaa. Mafundi walikuwa wakiunganisha kingo mbili, na palepale jamaa walikuwa wakitengana.

Tarehe 6 Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walilifungua rasmi. Ilikuwa miaka 22 kamili tangu usiku ule ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa Kigali, na maovu yale yakaanza.

Siku hizi msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande ule anaoingia, maofisa wa nchi zote mbili wakikaa katika nyumba moja. Magari mawili hupishana bila kungojana. Na penye maporomoko pamejengwa mitambo ya umeme, nguvu yake megawati 80, nazo hugawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi.