Babu na nyanya katika bustani ya michezo: Mwongozo kwa Abagusii wa Minnesota

Jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ni mojawapo ya maskani makubwa ya Abagusii nje ya Kenya. Wengi walitoka katika maeneo ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, wakaanza kumiminika huko hususan tangu miaka ya 1990 wakifuata masomo, kazi za uuguzi na ajira katika makao ya kutunzia wazee. Vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center, karibu na jiji la Minneapolis, ni miongoni mwa mahali wanakoishi kwa wingi.

Watoto waliozaliwa huko aghalabu humjua babu na nyanya kwa sauti ya simu tu. Kwa hivyo, mzee anapopata viza na kuwasili, familia hutafuta siku moja ambayo hakuna aliye na zamu kazini ili watoke pamoja. Mojawapo ya mahali palipo karibu ni bustani ya michezo iliyo ndani ya Mall of America, mjini Bloomington. Siku hiyo yaweza kumjenga mjukuu na babu yake, au ikawaacha wote wakiwa wamechoka na kuoneana haya. Makala haya yanaeleza mambo yanayofaa kuzingatiwa.

Bustani yenyewe

Mall of America ni jumba kubwa la maduka lililofunguliwa Agosti 1992 mahali palipokuwa uwanja wa michezo wa Metropolitan Stadium. Katikati yake pana bustani ya michezo ya takriban ekari 7. Mwanzoni iliitwa Camp Snoopy. Ilibadilishwa jina mwaka wa 2006, na tangu 2008 inaitwa Nickelodeon Universe, kwa jina la kituo cha televisheni cha watoto.

Kwa kuwa bustani imo chini ya paa, hutumika hata katika majira ya baridi, wakati theluji imetanda nje. Hili ni jambo la maana kwa mgeni aliyezoea hali ya hewa ya nyanda za juu za Gusii. Bustani nyingine ya eneo hilo, Valleyfair ya mjini Shakopee, iliyofunguliwa mwaka wa 1976, iko nje na hufungwa wakati wa baridi. Asiye na gari anaweza kufika Mall of America kwa treni ya mjini kutoka Minneapolis, ambayo imekuwa ikifika hapo tangu 2004.

Gharama

Tofauti na bustani nyingi za Marekani, hapa hakuna ada ya kuingia. Anayelipa ni yule anayepanda vyombo vya michezo, kwa mfano kwa kununua pasi ya siku nzima. Mwenye kutazama halipi. Kwa hivyo hakuna haja ya kumnunulia pasi mzee ambaye hatapanda chochote, ati kwa kumheshimu.

Mgeni kutoka nyumbani hubadilisha kila bei kuwa shilingi. Akisikia bei ya chakula cha watu sita huenda akasema ameshiba ilhali ana njaa. Mwenyeji mwenye busara hulipia pasi kabla ya siku yenyewe, na hasomi risiti kwa sauti mbele ya mzee.

Anayetaka kuwanunulia zawadi walio nyumbani afahamu kwamba Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwa mavazi ya kawaida wala viatu.

Nani aketi na nani

Hapa ndipo familia nyingi husahau kujiandaa. Mila ya Abagusii ina kanuni za heshima ziitwazo chinsoni, wingi wa ensoni, neno lililo karibu na "soni" ya Kiswahili. Kanuni hizo huwatenga kwa staha watu wa vizazi vinavyofuatana: baba na mwanawe aliyekomaa, na zaidi sana baba mkwe na mke wa mwanawe. Wawili hao hawapaswi kugusana, na baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wanaanthropolojia Robert LeVine na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Nyansongo katika miaka ya 1950, waliandika kwa kina kuhusu mahusiano haya.

Sasa fikiria mtumbwi wa umbo la gogo unaoteremka majini katika bustani hiyo. Abiria huketi mmoja nyuma ya mwenzake, magoti yakigusa mgongo. Mhudumu asiyejua lolote kuhusu ensoni atampanga mzee nyuma ya mke wa mwanawe, kisha awahimize wasogeleane. Mzee hatateta, huenda akanyamaza tu, na siku ikaharibika bila mtu kutaja sababu.

Dawa imo ndani ya mila hiyo hiyo. Ensoni haiwatengi babu na mjukuu. Hao wana uhuru wa kutaniana, kucheka na kukaa karibu, uhuru ambao mzazi hana kwa mtoto wake. Kwa hivyo mpango ulio salama ni kumweka mtoto kati ya wakubwa, au kuwapanga sokoro na magokoro, yaani babu na nyanya, kila mmoja na mjukuu wake. Baba na mama wa watoto wapande chombo kingine. Mambo haya yaamuliwe nyumbani, si katika foleni.

Umri, kimo na afya

Kila chombo kina kipimo cha kimo, kinachoandikwa kwa inchi. Inchi 48, takriban sentimita 122, ni kipimo cha kawaida kwa vyombo vya kasi nchini Marekani. Mpime mtoto nyumbani ili asije akalilia langoni.

Mabango ya bustani za namna hii huwaonya wajawazito na watu wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, mgongo au shingo wasipande vyombo vya kasi. Wazee huficha maradhi yao mbele ya wajukuu. Muulize mzee faraghani. Bima ya afya ya mwenyeji kwa kawaida haimhusu mzazi aliyekuja kutembea, na gharama ya hospitali ni kubwa mno. Inafaa bima ya safari ikatwe kabla mzee hajaondoka Kenya.

Usimtoe mgeni katika juma la kwanza. Wakati wa kiangazi, saa nane mchana Bloomington ni saa nne usiku Kisii. Mwili wa mzee utakuwa unataka kulala wakati watoto wanataka kukimbia.

Tangu 1996 jumba hilo limekuwa na kanuni inayowataka vijana walio chini ya miaka 16 kuandamana na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi katika saa fulani. Babu au nyanya anaweza kuwa mtu huyo. Hata hivyo, asiachwe peke yake na vijana ikiwa hana simu inayofanya kazi na hajui Kiingereza cha kutosha kuomba msaada.

Lugha

Kizuizi kikubwa zaidi huenda kisiwe kimo wala fedha, bali lugha. Mjukuu anajua Kiingereza, nyanya anajua Ekegusii na Kiswahili, na mzazi anageuka mkalimani wa kutwa. Majuma machache kabla ya safari, mfunze mtoto angalau maamkizi: "Bwakire" asubuhi na "Bwairire" jioni. Mfunze pia kuwaita wazee sokoro na magokoro.

Katika bustani, mpe mtoto jukumu la kumwongoza mzee: kumwonyesha njia, kumshika mkono kwenye ngazi zinazojiendesha, kumchagulia chombo cha polepole. Siku mtoto atakapozuru Nyamira, zamu itakuwa ya babu kumwongoza katika kilima cha Manga na kumwonyesha mji wa Kisii ukiwa chini yao.